Buti Juu ya Tawi la Miiba

Buti la kulia la Kapteni Kurwa bado liko hewani, msomaji, pale pale tulipoliacha Jumapili. Chini yake limelazwa tawi la miiba, likikatiza njia nyembamba iingiayo nyumbani kwa Raphaeli, kijijini Endamarariek. Nyuma yake wamesimama watu kama arobaini, na hakuna anayekohoa.

Buti likashuka. Upande wa pili.

"Yesu na Maria!" mama mmoja alinong'ona.

Watu wote wakarudi nyuma hatua tatu kwa pamoja, kama gwaride. Kapteni akageuka, akawaona, akatabasamu. Alidhani wanamwogopa.

Maskini! Alikuwa amevaa miwani ya jua siku ya mawingu, na kaunda suti ya rangi ya maziwa katika nchi ya udongo mwekundu. Mtu wa namna hiyo hudhani mengi.

Kwa wewe uliyekosa gazeti, jambo lenyewe ni hili. Tuko Machi 1980. Bunduki moja ya jeshi imepotea tangu askari waliporudi vitani Kagera, na inasemekana ndiyo iliyowaua faru wawili ndani ya Kreta ya Ngorongoro. Jeshi lina ofisi yake ya upelelezi, na ofisi hiyo ina kazi mbili: kumkamata askari mwizi, na kumkamata jasusi wa adui. Ni kazi njema. Nyumba kubwa kama jeshi lazima iwe na mtu wa kufagia ndani.

Lakini ufagio ulikabidhiwa Kapteni Kurwa. Na Kapteni hakutaka mwizi, maana mwizi haongezi nyota begani. Alitaka jasusi. Akamchagua Koplo Raphaeli, aliyerudi vitani na goti bovu, akaandika kwamba Raphaeli ndiye aliyeiba bunduki, na kwamba anawauzia watu wa ng'ambo ya mpaka pembe za faru pamoja na siri za kambi. Bunduki ikikutwa nyumbani mwake leo, atapelekwa mahakama ya kijeshi. Kwa shitaka kama hilo, hatarudi tena kupalilia maharage yake.

Basi Kapteni aliingia kutafuta.

Sajini Patrisi, dereva na msaidizi wake, alibaki upande wa huku wa tawi akiwa amekumbatia faili. Patrisi ni mzaliwa wa kijiji hicho hicho. Alijua tawi lile lina maana gani. Alijua, akanyamaza, kwa sababu sajini hamsahihishi kapteni. Usimsifu. Petro naye alikuwa akiota moto tu.

"Simama!"

Ndani ya nyumba, Raphaeli alisimama. Mkewe, Blandina, alibaki ameketi juu ya ngozi ya ng'ombe, amejifunika shuka mabegani.

"Na wewe! Husikii?"

"Bado hana nguvu, afande," Raphaeli alisema. "Mtoto wetu alizaliwa hana uhai. Hii ni wiki ya tatu."

"Nimekuuliza?"

Kapteni alipindua kitanda. Akamwaga debe la mahindi. Akachokoa majivu ya jikoni kwa ncha ya buti. Alipata jembe, rozari, na barua ya jeshi inayomshukuru Koplo Raphaeli kwa kuilinda nchi yake. Barua aliisoma mpaka mwisho, kisha akaitupa kwenye majivu.

"Bunduki iko wapi?"

"Niliirudisha kambini, afande. Siku ile ile tuliyorudi. Niliikabidhi mkononi mwa mtu."

"Mtu gani?"

"Kulikuwa na foleni ndefu. Nilitazama bunduki, sikutazama uso."

"Hukutazama uso!" Kapteni alicheka kwa pua. "Ndiyo maana wewe ni koplo na mimi ni kapteni."

Akamtia pingu. Raphaeli hakubisha, alinyoosha mikono kama mtu anayenawishwa. Lakini Blandina aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Umeingia bila kuitwa," alisema taratibu. "Sasa na wewe ni wa humu."

"Mimi wa wapi?"

"Wa humu ndani. Utaona."

Kapteni alicheka tena, akatoka uani huku anapangusa mikono. Alimketisha Raphaeli kizingitini, akasimama ameshika kiuno, akatazama umati.

"Wewe, na wewe mwenye koti! Shukeni barabarani. Ndani ya Landrova yangu kuna sanduku la chuma lenye kufuli. Libebeni, mlilete hapa. Lina kipimo cha kutafuta chuma ardhini. Leo mtajua upelelezi ni kitu gani!"

Hakuna aliyetikisika.

"Hamna masikio?"

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Thomasi, alivua kofia yake kwa heshima. "Masikio tunayo, ndugu Kapteni. Mikono ndiyo hatuna."

"Na hiyo iliyoshika kofia ni nini?"

"Hii ni ya kubebea vitu vya watu wengine."

Wanawake waliziba midomo kwa khanga. Kapteni alikunja uso, akatoa sigara ili watu waone kwamba hana haraka. Akapiga kiberiti. Kilikuwa kimelowa. Akapiga cha pili, na cha tatu.

"Nani ana moto?"

Watu arobaini walitazama mawingu.

"Nani ana moto, nasema! Basi nipeni maji ya kunywa!"

Mawingu yalikuwa yanapendeza sana siku hiyo. Hata mtoto mgongoni mwa mama yake aliyatazama.

"Sajini! Hawa watu wana nini?"

Patrisi alielekeza kidole kwenye tawi. "Afande, nyumba hii iko kwenye metimani."

"Kwenye nini?"

"Ni mwiko, afande. Mtoto akifa namna ile, nyumba hutengwa mpaka wazee waifungue. Wa ndani hawatoki, wa nje hawaingii. Hawachangii moto, wala maji, wala kibuyu. Tawi lile ndiyo alama. Anayelivuka kuingia, na yeye anakuwa wa ndani. Na kitu chake hakiguswi."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, afande."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema nisifungue mdomo mpaka uniulize, afande."

Msomaji mwenzangu Mkristo, usininyooshee kidole. Najua Damu ya Bwana ilimaliza miiko yote. Padri wa Endamarariek naye anajua. Amehubiri miaka mingi dhidi ya matawi yale, na kila akiliona moja, hushuka kwenye baiskeli na kuzunguka kwa mbali. Anasema ni heshima kwa wenye msiba. Nami nasema vivyo hivyo.

"Ushenzi!" Kapteni aliitupa sigara. "Mwaka wa themanini mtu mzima anaogopa kijiti! Sajini, lete gari hapa juu mwenyewe."

"Afande, mvua imenyesha. Njia inateleza, na kuna mfereji."

"Nimekuomba ushauri?"

Patrisi alikuwa amekwisha geuka aondoke, mwanamke mmoja mzee alipojitenga na umati. Huyo ni Bernadina, mama yake Raphaeli. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, na alikuwa njiani kwenda kanisani kwenye Njia ya Msalaba, rozari shingoni, mfuko wa kitambaa begani. Hakukaribia. Alisimama hatua kumi kutoka kwenye tawi.

"Mwanangu," alimwita Kapteni.

"Mimi si mwanao."

"Basi afande. Mwanangu ni yule uliyemfunga chuma. Nataka kujua amefanya nini. Kuna karatasi?"

Kapteni aliangua kicheko. Hatimaye alikuwa amepata kitu cha kumfurahisha.

"Karatasi ipo, bibi! Imepigwa taipu, ina muhuri wa siri, na shahidi ameweka dole gumba. Sajini! Mpe bibi maelezo ya shahidi ayashike. Hata akiyageuza miguu juu, kwake ni sawa."

Hapo, msomaji, ndipo upelelezi wote wa Kapteni Kurwa ulipokufa. Mtu amefundishwa miaka mingi kuchunguza nyayo, kuchunguza barua, kuchunguza macho ya waongo. Akashindwa kuchunguza mfuko wa bibi kizee. Ndani ya mfuko ule mlikuwa na daftari la mistari mipana na penseli iliyotafunwa nyuma. Mwaka wa pili sasa, jioni tatu kila wiki, Bernadina ameketi kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu, akijifunza kusoma.

Patrisi hakuwahi kuruhusiwa kufungua faili lile. Kazi yake ilikuwa kulibeba. Alilifungua sasa kwa amri, akamkabidhi mama karatasi, kisha akateremka kuelekea kwenye gari.

Bernadina alifanya ishara ya msalaba. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Mi-mi. Mimi. Tlu-way. Mimi Tluway."

Vichwa vyote viligeuka. Tluway, kamanda wa mgambo wa kijiji, alikuwa amesimama nyuma kabisa. Ghafla alipata shughuli ya kutazama kamba za viatu vyake.

Kicheko cha Kapteni kilikatika.

"Na-a-pa. Naapa kwamba siku ya Ju-ma-nne. Tarehe kumi na nane Machi. Ni-li-i... niliingia. Niliingia nda-ni ya nyumba ya Raphaeli."

Vichwa vikarudi kwa Bernadina.

"Rudia hapo, Mama Raphaeli," alisema Mzee Thomasi.

Alirudia. Mara ya pili hakukwama hata kidogo.

"Jumanne hii iliyopita," Mzee Thomasi alisema polepole. "Na nyumba imefungwa tangu Jumapili ya tarehe mbili. Tluway, baba, njoo hapa mbele. Jumanne uliingia humu?"

Tluway alikuna shingo.

"Nakuuliza kwa wema. Maana kesho yake, Jumatano, ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Tulikunywa kibuyu kimoja, mimi na wewe. Baada yako alikunywa mwalimu. Baada ya mwalimu alikunywa mama mkwe wako."

"Mama mkwe wake!" aliitikia Lusia, mama wa makamo anayekaa dawati moja na Bernadina kisomoni.

"Kama uliingia," Mzee Thomasi aliendelea, "umetutia sote ndani ya mwiko, sisi na ng'ombe wetu na mashamba yetu, na mvua ndiyo kwanza imeanza. Kama hukuingia, karatasi hii ni ya uongo. Chagua moja. Hatuna haraka."

Nimewahi kusikiliza mawakili mahakamani. Sijamwona hata mmoja anayeweza kufunga fundo la namna hii.

"Shahidi!" Kapteni alipaza sauti kutoka uani. "Sema kweli! Uliingia!"

Tluway alimtazama Kapteni. Kisha akamtazama mama mkwe wake, aliyekuwa amesimama hapo hapo na jembe begani. Kapteni angeondoka siku hiyo hiyo. Mama mkwe haondoki.

"Sikuingia!" alilia. "Haki ya Mungu, sikuingia! Sijakanyaga hata kivuli cha tawi! Yule aliniambia niweke dole tu! Akanipa sabuni!"

"Sabuni ngapi?" aliuliza Lusia.

"Miche miwili."

"Peke yake?"

"Na sukari. Kilo moja."

"Yuda alipojuta, alirudisha," Lusia alisema. "Wewe sukari umekwisha inywa kwenye chai."

Watu walicheka, lakini Bernadina hakucheka. Alikuwa akimtazama mwanawe kizingitini. Aliona kwamba mwanawe analia bila sauti, kama alivyolia siku alipokwenda vitani.

Na Kapteni? Kapteni alikuwa amekumbuka kilichoandikwa chini zaidi kwenye karatasi ile. Rangi ilimtoka.

"Sajini! Irudishe hiyo karatasi!" Lakini Sajini alikuwa chini barabarani, akiwasha gari. "Bibi! Lete hapa!"

Alilivuka tena tawi, kwa haraka sasa, akawaendea. Umati ukarudi nyuma, Bernadina akiwa katikati. Alipiga hatua kumi, wakarudi kumi. Alikimbia, wakakimbia. Waliingia shamba la maharage, mzee kwa mjane, mtoto kwa mama, wakiacha kati yao na yeye nafasi ile ile, kama maji yanavyoukimbia mguu wenye matope. Hakuna aliyekuwa tayari kuguswa na mtu yule. Askari wa jeshi lililoshinda vita akawa anakimbizana na vikongwe, na vikongwe walikuwa wanamshinda.

"Bibi, simama!"

"Nitasimama, afande, na wewe ukisimama."

Akasimama. Kapteni akiwa anahema, Bernadina naye akasimama.

"Hiyo ni siri ya serikali!"

"Ndiyo maana naisoma kwa uangalifu," Bernadina alijibu. "Mwalimu ametukataza kuacha sentensi katikati."

Tuwaache hapo kwenye maharage, tumfuate Patrisi.

Landrova ilipanda vizuri mpaka nusu ya mlima. Kisha gurudumu la nyuma likateleza, likazunguka, likatapika matope, na gari zima likakaa mferejini kama nguruwe. Patrisi alitoka akiwa mwekundu mpaka kwenye nyusi.

"Ndugu zangu!" aliita kuelekea shambani. "Nisukumeni! Mimi sikuvuka!"

"Wewe hukuvuka, Patrisi," ilijibu sauti ya Mzee Thomasi kutoka mbali. "Gari ni la nani?"

"La jeshi!"

"Aliyekuja nalo ni nani?"

Patrisi alirudi nyuma ya gari, akaliegemeza bega.

"Basi, baba, sukuma mwenyewe. Tutakuombea."

Ilibaki jeki. Na jeki ilikuwa nyuma kabisa, imezibwa na lile sanduku la chuma. Patrisi alilivuta. Lilikuwa jepesi kuliko alivyotazamia kwa kipimo cha kutafuta chuma. Gari lilikuwa limeinama. Sanduku likamponyoka, likateleza mlangoni, likaangukia jiwe kwa kona. Kufuli lilibaki zima, lakini bawaba zilikuwa kuukuu. Kifuniko kikafunguka upande wa nyuma, kama mdomo wa mtu aliyelala.

Hapakuwa na kipimo chochote. Palikuwa na blanketi la jeshi lililoviringwa, na harufu ya mafuta ya bunduki.

Patrisi aliinama. Alifunua pembe moja ya blanketi, akaona chuma. Alifunua ya pili.

Alijiambia ni bunduki ya Kapteni ya kujilinda. Alijiambia ni ya akiba. Mtu akizoea kufunga mdomo, macho nayo hujifunza kujifunga. Namba ya bunduki iliyopotea hakuijua; Kapteni aliiandika mwenyewe kwenye maelezo ya shahidi na kuyapiga muhuri. Basi angejuaje? Lingekuwa kosa gani kufunika tu blanketi na kurudisha sanduku mahali pake?

Mkono wake ulikuwa umekwisha shika kifuniko. Ndipo sauti ya Bernadina ilipomfikia kutoka kwenye maharage, nyembamba, isiyo na haraka.

"Ni-li-o-na chi-ni ya ki-ta-nda. Niliona chini ya kitanda bunduki moja. Ye-nye namba."

"Namba!" Lusia alipiga kofi. "Tluway alisoma namba? Gizani, chini ya kitanda? Si huyu aliyetoroka kisomo siku ya tatu, mwalimu alipofika kwenye nne?"

"Sikutoroka, nilikuwa na malaria!" alilia Tluway.

"Nyamazeni," Bernadina alisema. "Tarakimu ni nyingi, na ndogo ndogo. Niacheni."

Patrisi alipangusa matope kwenye ubavu wa bunduki kwa kidole gumba. Tarakimu sita zilijitokeza, moja baada ya nyingine.

"Tano," alisoma Bernadina.

Ya kwanza ilikuwa tano.

"Mbili."

Mbili.

Patrisi aliomba. Kwa mara ya kwanza tangu avae sare, aliomba kwa moyo wote. Na usifikiri aliomba haki. Alimwomba Mungu tarakimu ifuatayo ikosee, ili arudi kunyamaza kwa amani.

"Saba."

Mungu hasikilizi sala za namna hiyo. Ilikuwa saba.

"Sifuri. Si ndiyo hii, Lusia, ya mviringo? Sifuri."

"Funga sanduku!" Hiyo haikuwa sauti ya Bernadina. Ilikuwa ya mwanamume anayekimbia mlimani.

"Nne."

Nne.

"Na ya mwisho ina kichwa. Tisa."

Patrisi hakuhitaji kutazama ya mwisho, lakini alitazama. Ilikuwa tisa. Aliinua kichwa.

Kapteni Kurwa alikuwa amesimama ukingoni mwa mfereji, juu yake. Miwani ilikuwa imepotelea shambani. Kaunda suti ilikuwa nyekundu mpaka mapajani. Mkononi alishika bastola, na hakuielekeza mawinguni.

Sasa unaona, msomaji, kwa nini alitaka sanduku lile lipelekwe chumbani mwa Raphaeli. Mtu aliyetumwa kumtafuta mwizi alikuwa mwizi mwenyewe, amekaa kando ya dereva ndani ya gari la serikali, kutoka Arusha mpaka Karatu, na kila kizuizi alipigiwa saluti.

"Sajini," Kapteni alisema, akijaribu kupata sauti yake ya ofisini. "Funika hiyo. Tutaipeleka juu. Tumeikuta chini ya kitanda, wewe na mimi, saa tisa alasiri. Utapata cheo. Sema: ndiyo, afande."

Matone ya mvua yalianza kugonga bodi la gari.

"Sema! Nakuuliza!"

"Ndiyo hapo, afande," alisema Patrisi. "Ulisema nisifungue mdomo mpaka uniulize. Sasa umeniuliza. Jibu ni hapana."

Kapteni alivuta pumzi. Halafu akatabasamu, na lile tabasamu lilikuwa baya kuliko bastola.

"Vizuri," alisema. "Majasusi wawili. Taarifa itapendeza zaidi. Mmoja alikuwa dereva wangu mwenyewe. Alipogunduliwa na bunduki ya wizi, akataka kunishambulia. Nani atabisha? Watu waliokuwa mbali wakitazama mawingu?"

Akaikoki bastola. Ililia, klak.

Watu arobaini walisikia. Walikuwa juu kwenye maharage, wanaume wenye majembe na fimbo, wengi kiasi cha kumfunika yule bwana kama siafu. Hakuna aliyesogea. Usiwaite waoga. Ng'ombe wao, mashamba yao, mimba za wake zao, vyote walivijua kuwa upande huu. Yule mchafu alikuwa upande ule. Nani angekuwa wa kwanza kumshika?

Kijiji kizima kilikuwa na mwanamume mmoja tu aliyeweza kumgusa Kapteni bila kuchafuka, kwa kuwa yeye alikuwa ndani ya mwiko tangu mwanzo.

Raphaeli alikuwa ameinuka kizingitini. Mikono ilikuwa na pingu mbele ya tumbo. Alikwenda akichechemea hadi kwenye tawi la miiba, akasimama. Toka pale mpaka mferejini ni hatua thelathini za mteremko, nyuma ya mgongo wa Kapteni.

Akivuka, mwiko wa mtoto wake utatoka naye na kukiingia kijiji chote, na wazee hawatamsamehe. Akivuka, ni mfungwa anayetoroka, na sheria inampa Kapteni ruhusa ya kumpiga risasi mbele ya macho ya watu wote. Asipovuka, Patrisi atakufa, na karatasi ya uongo itaandikwa upya.

Nyuma yake, mlangoni, Blandina alishika nguzo, akasimama kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na tisa.

Bernadina ndiye aliyeona kwanza. Karatasi ilimdondoka mkononi.

"Raphaeli! Mwanangu, usivuke!"

Kapteni alisikia, akaanza kugeuka.

Na mguu wa kulia wa Raphaeli, ule wenye goti zima, mtupu, usio na buti, ulikuwa tayari hewani juu ya tawi la miiba.